Klimov hakuwa mtu wa filamu moja

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili imemwita Elem Klimov, mwongozaji filamu wa Urusi, mtu wa filamu moja. Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia na ninapinga.

Ni kweli, Njoo Uone ya 1985, filamu yake kuhusu ukatili wa Wanazi vijijini Belarus, ni kazi nzito. Klimov alizaliwa Stalingrad mwaka 1933. Vita Kuu ya Pili ilipoufikia mji huo, alivushwa mto Volga kwa chelezo pamoja na mama yake na mdogo wake mchanga, mji ukiwaka nyuma yao. Mwandishi mwenzake, Ales Adamovich, alipigana msituni Belarus akiwa kijana mdogo. Walioandika filamu ile waliuona moto wenyewe! Hata hivyo wakubwa wa serikali ya Kisovieti waliwazuia kuitengeneza kwa miaka kadhaa.

Lakini mmeuruka mwaka 1986. Ndipo Klimov alipochaguliwa kuongoza chama cha watengenezaji filamu wa Kisovieti, na ikaundwa tume ya kupitia filamu zilizofungiwa. Komissar ya Aleksandr Askoldov, iliyokaa kabatini miaka ishirini, ikaonyeshwa Moscow 1987. Klimov aliyajua machungu hayo, maana filamu yake kuhusu Rasputin, yule mtu wa dini aliyekuwa na ushawishi kwa mfalme wa mwisho wa Urusi, nayo ilicheleweshwa karibu miaka kumi.

Baada ya 1985 hakutoa filamu nyingine hadi alipofariki 2003. Kwangu mimi, kuwafungulia wenzake mlango ni kazi ya kuhesabiwa pamoja na filamu zake. Naomba mchapishe sehemu hiyo mliyoiacha.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro