Mwanangu, kabla hatujakopa ada ya "kumi bora"

Mbagala, Dar es Salaam
Jumapili usiku

Mwanangu Rehema,

Marahaba. Msalimie shangazi yako hapo Morogoro, mwambie mchele umefika na gunia halikutoboka.

Ile orodha uliyonitumia WhatsApp niliisoma nimesimama dukani, mkasi mkononi. "Shule 10 bora kidato cha sita kitaifa." Chini yake sauti yako, unaniomba nisikuache uende serikalini, nikupeleke mojawapo ya hizo hata kwa kukopa kikoba. Sikukujibu siku ile. Nilijua nikijibu kwa simu nitaishia kusema "tutaona", na hili si jambo la tutaona. Una Division One ya kidato cha nne, pointi 15, kutoka shule ya kata, umeihangaikia kwa mshumaa na kwa tochi ya simu yangu. Unastahili jibu kamili.

Orodha hiyo haikutoka Baraza la Mitihani. Baraza liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora Januari 2023, lilipotoa matokeo ya kidato cha nne ya 2022. Athumani Amasi, aliyekuwa Kaimu Katibu Mtendaji wakati huo, alisema haina tija kushindanisha shule ambazo mazingira yake hayafanani, na kwamba kuzitaja ni kama kuzitangazia biashara. Tangu hapo orodha zinazozunguka kwenye magrupu hutengenezwa na watu wanaochukua matokeo yaliyo wazi mtandaoni na kupiga hesabu zao. Hiyo yako haina jina la aliyeitengeneza wala haisemi amehesabu vipi. Mwulize aliyekutumia, naye atakwambia ametumiwa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kidato cha sita A ni pointi 1, B ni 2, inashuka hivyo mpaka F ambayo ni 7. Masomo matatu ya kombi, yaani mchepuo, yakijumlishwa, pointi 3 mpaka 9 ni Division One. Shule nayo inapewa wastani wake, na ukiwa mdogo shule inapanda juu. Zamani Baraza liliweka angalau kipimo cha ukubwa: shule zenye watahiniwa 30 na zaidi zilipangwa peke yake, zilizo chini ya 30 peke yake. Walikuwa na sababu. Shule ya watahiniwa kumi, mmoja akilazwa kwa malaria wiki ya mtihani, imeharibikiwa sehemu moja ya kumi. Shule ya watahiniwa mia tatu haitikisiki. Hiyo orodha yako imezichanganya zote.

Ila hesabu siyo inayoniuma, mwanangu. Kinachoniuma ni kaka yako, na nadhani umefika umri wa kuelezwa.

Unakumbuka alisoma bweni mkoani. Shule ile sitaitaja. Niliichagua kwa kuwa jina lake lilisomwa kwenye kumi bora, basi. Sikuuliza kitu kingine. Ada ilikuwa milioni mbili na nusu kwa mwaka, nikaitoa kwenye kikoba na kwenye duka mpaka shelfu mbili zikabaki tupu. Desemba 2018, amemaliza kidato cha tatu, nikaitwa. Nikapanda basi usiku. Mkuu wa shule alinikaribisha kwa heshima zote, akanifungulia soda, akasukuma daftari la wastani mbele yangu. Kijana alikuwa na 52, wao walitaka 60. Akasema, "Mama, huyu atatushusha." Hakusema kijana ni mtukutu au mvivu. Karatasi ya uhamisho ilikuwa imeshachapwa, inasubiri saini yangu tu.

Tuliteremka Ubungo alfajiri, yeye kabeba godoro, mimi nimeshika upande mmoja wa tranka. Namba yake ya shule ilikuwa imeandikwa juu kwa rangi nyeupe. Akalikalia ili watu wasiione ile namba, na hakuinuka mpaka bajaji ilipopatikana.

Matokeo yalipotoka niliona bango lao hapa hapa mjini, limefungwa kwenye nguzo mbili. Division One na Two tupu, Three sifuri, Four sifuri. Kila aliyepita alilisoma kama sifa ya walimu. Mimi nililisoma nikijua sifuri ile ya Division Three imepatikanaje, kwa sababu Division Three yao, pointi 23 za kidato cha nne, ilikuwa mezani kwangu Mbagala inakunywa chai. Ilihesabiwa kwenye shule ya kata iliyompokea, na ikaishusha ile. Hiyo shule ya kata ilimchukua bila kuuliza wastani, mwalimu wa fizikia akambakiza jioni mara tatu kwa wiki bila malipo. Kwenye orodha zako yeye ni mwalimu wa shule mbovu.

Si shule moja tu, wala si leo. Mwaka 2013 Serikali ilipoanza mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, shule za msingi zilipangwa kwa nafasi kitaifa na wilayani. Wachumi waliofuatilia takwimu za 2011 hadi 2016 walikuta mambo mawili kwa pamoja. Shule zilizokuwa mkiani wilayani zilipandisha ufaulu kweli, na hilo ni jema, siwezi kulificha. Lakini pia kuna watoto waliozuiwa kufika darasa la mwisho ili wasihesabiwe. Nilipoelezwa hayo na mwalimu mmoja mstaafu, mteja wangu, nilikaa chini.

Na hata alama zenyewe zinategemea aliyeshika rula. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalitangazwa mwanzoni mwa 2013, zaidi ya nusu ya watoto wakapata sifuri, nchi ikalia. Serikali ikayafuta, yakapangwa upya, Mei yakatangazwa mengine. Karatasi zilizosahihishwa zilikuwa zile zile, za watoto wale wale.

Sikwambii shule zote za juu zinafanya ujanja. Zipo zinazofundisha mpaka usiku. Kisimiri ya Arumeru ni ya Serikali na iliongoza nchi kidato cha sita mwaka 2016. Kibaha, Ilboru, Mzumbe na Tabora Boys majina yao yamesomwa sana, na yanastahili. Ila kumbuka hizo za vipaji maalumu hupewa watoto waliochujwa tayari. Mtoto aliyeingia na pointi 7 za kidato cha nne akitoka na Division One, shule imemfikisha wapi? Mwingine kaingia na pointi 20 kwenye shule isiyojulikana, akatoka na Division One ile ile. Orodha inawaandika sawa. Haina safu ya walikotoka.

Sasa fanya hivi. Fungua tovuti ya Baraza, tafuta shule mojawapo kati ya hizo unazozitaka, ulaze simu upate kuona jedwali zima. Usiishie kwenye wastani wa juu. Shuka mpaka chini kabisa, kwenye somo moja moja. Utaona safu ya waliosajiliwa na safu ya waliofanya. Unataka PCB, kwa hiyo angalia Fizikia, Kemia na Baiolojia peke yake, maana shule inaweza kubebwa juu na kombi za sanaa huku Fizikia yake ina watu sita. Halafu rudi kwenye matokeo yao ya kidato cha nne miaka mitano mfululizo, na kidato cha pili miaka miwili kabla ya kila mmoja. Andika kwenye daftari: kidato cha pili walikuwa wangapi, kidato cha nne wakabaki wangapi. Anayehama kwa sababu ya kazi ya baba yake yupo. Lakini darasa likitoka watu 90 likawa 61, na mwaka unaofuata hivyo hivyo, jiulize wale wengine wako wapi.

Yapo ambayo hakuna jedwali litakalokuonyesha, hayo tutayauliza kwa mdomo. Maabara inafunguliwa siku ngapi kwa wiki? Mwalimu wa Fizikia ameajiriwa au anakuja kwa masaa? Wanaopata chini ya wastani wanafanywaje? Hilo la mwisho nitaliuliza mimi mwenyewe, na nitamtazama machoni anayenijibu.

Kuhusu hela, sikwepi. Kidato cha tano na sita serikalini havina ada tangu 2022, na fedha niliyonayo inaweza kukulipia vitabu, nauli na masomo ya ziada wakati wa likizo. Lakini ukiniletea daftari lenye hesabu hizo na likaonyesha shule ya kulipia inayobaki na watoto wake, nitakwenda kikoba kesho yake.

Selfomu yako, ile fomu ya kuchagua shule na kombi, bado inaweza kubadilishwa dirisha likifunguliwa, usiiguse kabla hatujaongea. Nipigie Jumatano baada ya saa mbili usiku, nikiwa nimefunga duka.

Kaka yako leo hakwenda saiti. Amelitoa lile tranka uvunguni, amelipiga msasa mchana kutwa mpaka namba imekwisha, kisha akalipaka bluu. Anauliza aandike jina lako kamili au Rehema tu.

Mama yako