Kwa Salum, kuhusu binti yako na uwaziri

Chake Chake, Pemba

Ndugu yangu Salum,

Assalamu alaykum. Barua yako imenikuta juani napindua karafuu, ndio maana karatasi hii ina madoa ya vidole. Mama Asha anakusalimu, na bado anaiulizia ile doti ya kanga.

Umesema binti anataka kusoma sheria, afike uprofesa, kisha awe waziri kama Profesa Palamagamba Kabudi. Nilicheka kwanza. Halafu nikakaa kitako, maana ukarani wa mahakama umenizoesha vibaya: swali la sheria silipiti bila kuligusa.

Mwambie uprofesa peke yake haumfikishi mtu huko. Kabudi kasomesha sheria Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miaka mingi, lakini waziri wa Muungano sharti awe mbunge, naye jimbo hakuwa nalo. Januari 2017 Rais Magufuli alimteua katika zile nafasi kumi za ubunge anazopewa Rais na Katiba, Machi akamkabidhi Wizara ya Katiba na Sheria. Kura za Kilosa alikwenda kuziomba 2020.

Ila sisi huku hatukumjulia uwaziri. Unakumbuka 2012, Tume ya Jaji Warioba ilipokuja kuchukua maoni ya katiba mpya? Baba alivaa kanzu ya Idi, akapanga foleni uwanja wa skuli tangu asubuhi. Zamu yake ilipofika akakikamata kipaza sauti kwa mikono miwili, akasema "Serikali tatu!", akarudi kukaa. Basi. Kabudi alikuwa mjumbe wa Tume ile, na rasimu yao ikatoka na serikali tatu: ya Muungano, ya Zanzibar na ya Tanganyika. Baba akahesabu kuwa neno lake limo mle ndani. Bunge Maalum la Katiba la 2014 likaja na serikali mbili, ya Muungano na ya Zanzibar, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa.

Kwa hiyo mjumbe wa Tume alipopewa wizara ya Katiba, barazani watu walikaa mkao wa kula. Wapi! 2018 Rais mwenyewe alisema hadharani kuwa fedha za katiba mpya hatoi. Baba alinuna, akawa kila akimwona Profesa kwenye televisheni anaomba izimwe. Mimi sikununa. Mwalimu husema lake. Waziri husema la Baraza la Mawaziri, au aache kiti. Binti alijue hilo kabla hajanunua vitabu.

Wala si kwamba Profesa alikaa bure. Aliongoza ujumbe wa Serikali kuzungumza na Barrick, kampuni ya kigeni ya migodi ya dhahabu, ikazaliwa kampuni ya Twiga, Serikali ikapata hisa asilimia 16, na Barrick ikakubali kulipa dola milioni 300. Pale usomi ulionekana, maana mkataba unataka mtu wa kusoma hata yale maandishi madogo ya chini. Dhahabu si jambo la Muungano, yaani haimo katika yale ambayo Bara na Zanzibar huyashughulikia pamoja, hapa Pemba haitufiki hata chembe, lakini tuliisikiliza redioni kama mpira.

Kingine kimenifurahisha mimi karani. Fungua orodha ya mambo ya Muungano: la kwanza Katiba, la pili mambo ya nje. Kabudi kazishika wizara zote mbili. 2019 alipelekwa Mambo ya Nje, 2021 akarudishwa Katiba na Sheria.

Mlete binti likizo hii. Akae nami mahakamani wiki moja, benchi la nyuma, awasikilize ndugu wa tumbo moja wanavyogombania mikarafuu mitatu ya urithi. Akitoka hapo bado anaitaka sheria, nitamwombea mwenyewe.

Na ile kanga usiisahau, nyumba hii hailaliki.

Nduguyo,
Hamad