Shamroki sio ushahidi, geuzeni kitako

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Ile makala yenu kuhusu kukusanya vyombo vya kauri vya Ireland nimeisoma yote na nimeipenda, ila pale mlipoandika kwamba ukiona tu majani ya shamroki (yale majani matatu, nembo ya Ireland) basi chombo ni cha kale na ni cha Ireland, hapo mtawaponza watu. Shamroki anachora yeyote jamani, hata Waingereza wamechora sana kwenye vyombo vya ukumbusho vya watalii, na vikombe vya juzijuzi vina majani hayo hayo.

Cha kuangalia ni kitako, yaani chini ya chombo panapogongwa chapa ya kiwanda. Chukua kauri ya Belleek, maana ndio inayosakwa kuliko zote, kiwanda kilianza 1857 kijijini Belleek, kaunti ya Fermanagh, kando ya mto Erne, baada ya mwenye shamba John Caldwell Bloomfield kugundua ardhi yake ina feldspa (madini ya kutengenezea kauri) na udongo mweupe. Chapa yao ya kwanza ni nyeusi, ina mbwa wa kuwindia mbwamwitu, mnara wa mviringo, kinubi na shamroki, halafu utepe wenye jina Belleek, basi. Ukikuta wameongeza Fermanagh na Ireland ujue ni ya 1891 kuja huku, sababu Marekani ilipitisha ile sheria ya ushuru ya McKinley 1890 ikataka kila bidhaa ya nje iandikwe ilikotoka. 1926 likaja duara lenye maneno ya Kiairishi, na 1946 chapa ikageuka kijani. Sasa muuzaji anakuonyesha chapa ya kijani anaapa ni ya enzi za Malkia Victoria, mama wa watu kafariki 1901!

Halafu jina lenyewe nalo mtego. Kule Trenton, New Jersey, viwanda vya Ott & Brewer na baadaye Lenox walitengeneza kauri nyembamba wakaiita belleek, ni nzuri sana wala sio feki, ina wapenzi wake, lakini ni ya Marekani. Na sio kila cha Ireland ni kauri ya kifahari, Carrigaline ya Cork na Arklow ya Wicklow ni vyombo vya karne ya 20 vya kunywea chai tu nyumbani, mi navipenda hivyo hivyo.

Kingine hamkugusa kabisa, marekebisho. Vile vikapu vya Belleek vyenye maua vinamegeka kirahisi mno, mtu anaunga anapaka rangi juu na kwenye picha huoni kitu. Pitisha kucha taratibu ukingoni, au mulika na tochi ya urujuanimno (UV) gizani, mara nyingi paliporekebishwa panang'aa tofauti na pengine.

Ombi langu dogo tu, mkichapisha tena picha ya kikombe cha shamroki, wekeni na ya kitako chake pembeni, tena iwe kubwa, wengine macho yetu ndio hayo.

Msomaji wenu, mpenda vyombo