Majina yaliyo kwenye simu yako

Mwanangu,

Kabla hujapakua programu yoyote ya mkopo wa haraka, nisikilize kwanza. Riba utaihesabu mwenyewe. Kinachonitia hofu ni kile kidirisha kinachochomoza programu ikifunguliwa mara ya kwanza, kikiomba kuona majina ya watu, meseji, picha na mahali ulipo. Mtu aliyebanwa na shida ya hela hubonyeza "Ruhusu" mara nne mfululizo bila kusoma.

Ukiruhusu majina, programu inaweza kunakili orodha nzima na kuipeleka kwenye kompyuta za kampuni. Shangazi yako yumo, mwalimu wako yumo, bosi wako yumo, na hakuna aliyeulizwa. Ukichelewa kulipa siku mbili, wao ndio wanaotumiwa meseji kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Ruhusa ya meseji ni mbaya zaidi: humo mna salio lako, watu uliowatumia hela, na namba za uthibitisho za benki. Na ukishaifuta programu, kilichokwisha kuondoka hakirudi.

Tangu 31 Mei 2023, Google imezikataza programu za mikopo zilizoko Play Store kugusa majina na picha. Katazo hilo haliligusi faili la APK, yaani programu inayowekwa kwenye simu bila kupitia Play Store. Ndiyo maana ukitumiwa linki ulipakue pembeni, achana nalo kabisa.

Leo jioni fungua Mipangilio, ingia Faragha, kisha Kidhibiti cha ruhusa; simu nyingine hukiweka chini ya Usalama. Gusa "Anwani", ndiyo hayo majina. Ukikuta tochi au mchezo umo kwenye orodha ya walioruhusiwa, uondoe, maana tochi haina kazi na namba ya shangazi. Rudia kwa SMS. Kwenye Mahali, ramani ipe ruhusa wakati inatumika tu. Kisha, kwa hapa Tanzania, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Usiyoitambua, nenda na kitambulisho dukani kwa mtandao husika, ifungwe.

Kama ulikwisharuhusu, iandikie kampuni ifute taarifa zako, na utunze picha za skrini za kila meseji ya vitisho. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika 1 Mei 2023, na malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Ukimaliza yako, chukua na simu ya bibi. Namba zetu sote zimo humo.