Ukiwashwa usiku baada ya kula nyama, taja kupe kwa daktari

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu tulioko Marekani, hasa sisi tunaokwenda shambani Jumamosi kununua mbuzi mzima na kumchinja palepale. Mimi ni mzaliwa wa Mpwapwa, dereva wa lori, naishi Louisville, Kentucky. Kupe nawajua tangu utoto. Marehemu baba alikuwa akiswaga ng'ombe kwenda josho kila wiki kwa kuogopa ndigana, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe. Kwa hiyo Juni 2022, niliporudi kutoka shambani na kukuta kupe watatu kiunoni, mmoja ana doa jeupe mgongoni, niliwang'oa, nikaoga, nikasahau. Pale waliponiuma paliwasha karibu mwezi mzima.

Agosti tulialikwa harusi. Nilikula mishikaki ya mbuzi saa moja jioni. Saa tano na nusu usiku niliamka viganja vinawasha kama nimeshika upupu. Mabaka yakapanda hadi shingoni, midomo ikavimba, tumbo likanisokota, na nilipoinuka kwenda chooni nikaanguka. Hospitali walinichoma adrenalini. Wakauliza nimekula nini muda mfupi uliopita. Nikawajibu kweli: chai ya rangi tu. Wakasema huenda ni sabuni ya kufulia.

Sabuni tukabadilisha. Oktoba ikaja pilau ya nyama ya ng'ombe, mambo yakawa yale yale. Desemba ilikuwa supu ya utumbo, nayo haikunipa hata saa mbili. Shangazi alipiga simu kutoka nyumbani akisema kuna mtu ananichezea. Mke wangu yeye alinunua daftari, akaandika kila ninachokula na saa yake. Daftari hilo nililipeleka kwa daktari mwingine, naye hakumaliza ukurasa wa pili akaniuliza, "Umewahi kuumwa na kupe?"

Alinieleza kwamba nyama ya wanyama wanaonyonyesha ina sukari iitwayo alfa-gali, ambayo sisi binadamu hatuna. Kupe akikuuma anaweza kukuingizia sukari hiyo kwa mate yake, na mwili ukatengeneza kingamwili za IgE za kupambana nayo. Baadaye ukila ng'ombe, mbuzi, kondoo au kitimoto, vita inaanza, ndio mzio wenyewe, lakini kwa kuchelewa: kwa kawaida saa mbili hadi sita baada ya kula. Ndiyo maana chai yangu ilisingiziwa. Kuku na samaki hawana sukari hiyo.

Kipimo chenyewe ni kichupa kimoja cha damu ya mkononi. Majibu yangu yalitoka baada ya siku sita: 14.3, wakati kwa kawaida chanya huanzia 0.1. Lakini daktari wa mzio alinisisitizia kwamba namba hiyo haisemi utaugua kiasi gani, na wapo watu wenye kingamwili hizo wanaokula nyama bila shida yoyote. Majibu husomwa pamoja na yaliyokupata. Kwa hiyo asiyewahi kuona dalili asikimbilie kupima na kujinyima nyama bure. Na mwenye dalili, namsihi, asijaribu kula nyama nyumbani ili aone kama itamrudia. Nimesoma watu wakishauriana hivyo kwenye kundi letu la WhatsApp, na moyo uliniuma.

Jingine, kipimo hiki kiombe kwa jina. Mwaka 2023 taasisi ya serikali ya hapa ya kudhibiti magonjwa, CDC, ilisema huenda watu hadi 450,000 wamepatwa na mzio huu nchini tangu 2010, na kwamba asilimia 42 ya wahudumu wa afya iliowahoji hawakuwahi hata kuusikia. Sema: nilikula nyama saa fulani, nikaamka saa fulani, kupe aliniuma mwezi fulani, naomba nipimwe IgE ya alfa-gali.

Siku hizi nakula perege, kuku, maharage, mchicha wa karanga. Maziwa kwenye chai hayanidhuru, ingawa wapo yanaowadhuru. Nikipewa dawa ya kapsuli namuuliza mfamasia ganda lake limetengenezwa na nini, kwa sababu jelatini hutoka kwa wanyama haohao. Sindano mbili za adrenalini ziko kwenye lori muda wote niwapo safarini.

Palipokuwa pagumu zaidi ni nyumbani. Mwaka 2024 baba mdogo alinichinjia beberu, nami sikugusa hata mchuzi. Akasema, "Mwanangu, umekuwa mzungu." Usiku ule nikamweleza habari ya kupe, na kupe anawajua kuliko mimi. Akanyamaza kitambo, kisha akauliza kama nyumbani kwangu huko hakuna josho. Asubuhi akaagiza jogoo.

Mwaka jana nilipimwa tena, namba imeshuka hadi 3.1. Huweza kushuka usipoumwa tena, kwa hiyo shambani sikanyagi bila suruali kuchomekwa ndani ya soksi, na nikirudi mke wangu ananikagua mgongo kwa tochi. Wiki iliyopita jirani yetu, mama kutoka Bukavu, aliamka saa sita usiku ana mabaka mwili mzima. Jioni alikuwa amekula mbuzi. Nilimpa daftari jipya na kumwandikia jina la kipimo kwenye karatasi. Damu yake ilichukuliwa Jumanne.

Mzaliwa wa Mpwapwa,
Louisville, Kentucky