Wenye saratani sugu ya damu wachunguzwe macho pia

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo halizungumzwi inavyostahili, nalo ni macho yetu sisi tunaoishi na saratani sugu ya damu, yaani lukemia sugu.

Kabla sijajua kuwa ninaumwa, nilibadilisha miwani mara mbili katika muda wa miezi minne. Kila nilipofumba jicho la kulia, herufi za katikati ya mstari zilifunikwa na kivuli mithili ya tone la wino lililotapakaa karatasini, na mara zote mbili niliambiwa kuwa ni umri. Mtaalamu wa tatu alinitia matone ya kupanua mboni, akanisubirisha hadi dawa ilipofanya kazi, akachungulia nyuma ya jicho, kisha akakaa kimya kwa muda. Aliona mishipa iliyovimba na kujipindapinda, pamoja na madoa ya damu kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, mengine yakiwa na kiini cheupe. Hakuniandikia miwani, aliniandikia kipimo cha picha kamili ya damu. Chembe nyeupe, ambazo kwa mtu mzima mwenye afya huwa kati ya 4,000 na 11,000 hivi katika mikrolita moja ya damu, zangu zilikuwa zimepita 200,000.

Chembe zikizidi kiasi hicho, damu huwa nzito na hupita kwa shida katika mishipa myembamba ya retina. Upungufu wa damu na wa chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, nao husababisha retina kuvuja damu. Ndiyo maana jicho, mahali ambapo daktari anaweza kuitazama mishipa ya damu waziwazi bila kupasua, wakati mwingine hutangulia kuutangaza ugonjwa ambao mwenyewe bado haujui.

Tiba nayo ina yake. Imatinibu, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001 na kuwarefushia maisha wagonjwa wengi wa lukemia sugu ya mailoidi, aina mojawapo ya ugonjwa huu, huweza kuvimbisha kope na kutoa machozi. Mimi mwenyewe huamka asubuhi macho yamevimba kama niliyelia usiku kucha. Hilo si sababu ya kuacha vidonge, bali ni la kumweleza daktari. Steroidi, dawa za kutuliza uvimbe ambazo baadhi yetu hupewa, zikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuleta mtoto wa jicho au kupandisha presha ya jicho, na presha hiyo mara nyingi haiumi hata kidogo, kwa hiyo anayesubiri maumivu ndipo apimwe anaweza kuchelewa sana.

Wenye lukemia sugu ya limfositi, aina nyingine ya ugonjwa huu, ambao kinga yao hudhoofika, wana hatari nyingine: mkanda wa jeshi unaotokea usoni. Malengelenge yakianza kwenye paji la uso au ncha ya pua, mgonjwa asikae nyumbani kupaka mafuta, kwa kuwa virusi vinavyosababisha mkanda huo vinaweza kuingia jichoni, na dawa yake hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72. Vivyo hivyo kwa anayeona giza ghafla, au kama pazia linalofunika upande mmoja wa jicho: huyo aende hospitali siku hiyo hiyo.

Ombi langu kwa madaktari wa damu ni kwamba watuulize habari za macho kila kliniki, na watupeleke kuchunguzwa retina tangu ugonjwa unapogundulika. Wapima miwani nao, wakiona lenzi mpya haisaidii, wasiharakishe kulaumu umri. Kadi yangu ya kliniki ina mahali pa uzito, mahali pa presha na mahali pa hesabu ya chembe za damu, lakini pa macho hapana. Nimejichorea safu yake pembeni kwa kalamu, na daktari wangu sasa huijaza.

Msomaji wako,
Anayeishi na lukemia sugu