Asante, mzee wa Kibuye

Mzee uliyekuwa kwenye kibanda cha redio pale soko la Kibuye, Kisumu, asante sana. Jina sikukuuliza, nilikuwa nakimbilia matatu. Sidii pleya ya marehemu baba ilikuwa inavuma, nikataka kubadilisha kapasita za pawa ndani yake, vile vikopo vidogo vinavyohifadhi chaji. Za zamani zilikuwa za volti 25; mimi nimeshika za 16, eti kwa sababu ni bei nafuu! Ukazirudisha, maana volti zisipungue za zamani, ukanichagulia za 35, zenye uwezo uleule wa kuhifadhi chaji, mikrofaradi 1000, ukanionyesha mstari wa upande wa hasi: ukiigeuza, inapasuka. Tena ukanionya nisiguse ndani mara tu baada ya kuchomoa waya, maana chaji hubaki. Pesa ya soda ulikataa. Jana rumba imelia bila ule mvumo. Mama alitoka jikoni, akasimama mlangoni akisikiliza.